Nyumba Yenye Joto na Pumzi: Kujenga kwa Ajili ya Kipupwe cha Mlowo

Mhadhara uliotolewa mbele ya wananchi, mafundi na walimu, Mlowo, wilayani Mbozi, mkoani Songwe

Nawashukuru wazee wa Mlowo kwa kuniruhusu kusimama mbele yao. Nawashukuru mafundi kwa namna ya pekee, maana wameweka chini mwiko na pima maji ili waje tuzungumzie kazi ambayo mikono yao inaijua.

Madhumuni yangu ni mamoja, nayo nitayasema mapema ili mnipime nayo hadi mwisho. Nyumba ya Mlowo inapaswa kushika joto la usiku, na wakati huohuo ipitishe hewa kwa njia tulizozichagua wenyewe. Kazi hiyo huanzia darini. Na haiwezi kuanza kwa usalama mpaka moto wa mkaa utoke chumbani. Hoja zangu ni sita, na kila moja inaitegemea iliyotangulia.

Kwanza tukumbushane tunaishi wapi. Tuko kwenye uwanda wa juu wa Mbozi, kati ya mita 1,400 na 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo sababu kahawa ya Arabika inastawi hapa, na ndiyo sababu Juni na Julai mtu huamka usiku akatafuta blanketi la pili. Mchana jua linawaka, usiku mbingu haina wingu, na joto lote lililokusanywa linapanda na kupotea. Lakini ramani nyingi za nyumba zinazopita mikononi mwetu zingefaa zaidi Dar es Salaam, ambako shida ya mwenye nyumba ni kufukuza joto. Sisi shida yetu ina pande mbili: mchana wa Oktoba tunatafuta ubaridi, usiku wa Julai tunatafuta joto.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 za Selsiasi kuwa joto la ndani lililo salama kwa watu wengi majira ya baridi. Kwa watoto wachanga, wazee na wagonjwa linaweza kuhitajika zaidi ya hapo. Mwenye kipimajoto akiweke chumbani saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, asome mwenyewe.

Hoja ya kwanza: tuanze na paa

Bati la geji 30 lina unene wa takribani theluthi moja ya milimita. Chuma ni mpitishaji mzuri wa joto, kwa hiyo bati tupu linazuia mvua, lakini joto halilizuii hata kidogo.

Naomba tufanye hesabu pamoja, na wanafunzi wanisahihishe. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, yaani mita 12 za mraba za paa. Tuseme ndani tunataka joto lizidi la nje kwa nyuzi 10. Paa la bati lisilo na dari hupoteza takribani wati 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Saba mara kumi na mbili mara kumi: wati 840. Mtu mzima aliyelala hutoa wati kati ya 70 na 80. Mume na mke wanatoa 150, paa linachukua 840. Hata wajikunyate namna gani, chumba hakiwezi kupata joto.

Sasa weka dari, na juu ya dari tandaza sentimita 10 za pumba kavu za mpunga, yale maganda yanayorundikana nyuma ya mashine za kukoboa. Upotevu kwa kila mita ya mraba unashuka hadi chini ya nusu wati. Hesabu ileile inatupa takribani wati 54. Kutoka 840 hadi 54, kwa kitu ambacho wenye mashine wanakichoma ili kupata nafasi!

Pumba zina nguvu hiyo kwa sababu zimejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Sufi ya kioo na sufi ya mawe zinazouzwa kwa bei kubwa hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Dari ya jipsamu peke yake inasaidia, nayo huweza kupunguza upotevu hadi chini ya nusu, lakini ubao ule ni mwembamba. Kinachofanya kazi kubwa ni tabaka nene lililo juu yake.

Fundi makini ataniuliza habari ya uzito, panya na moto, na ana haki. Sentimita 10 za pumba zina uzito wa takribani kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mbao za kushikilia dari zihesabiwe kwa uzito huo. Jipsamu isiachiwe kubeba mzigo ambao haikukusudiwa. Pumba ziwe kavu kabisa, zijazwe kwenye viroba, vishonwe, vipangwe bila kuacha nafasi katikati. Matundu yote ya kuingilia darini yawe na wavu wa chuma, la sivyo panya watahamia. Na kwa kuwa pumba zikishika moto huungua taratibu bila mwali, nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, na viroba viwe mbali na taa zinazochomekwa darini na bomba lolote la moshi. Asiyeweza kutimiza masharti hayo atumie sufi ya mawe, ambayo haiungui.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya bati kufika. Wagogo na Wahehe walijenga tembe, nyumba yenye paa bapa la miti lililofunikwa kwa tabaka nene la udongo. Kwenye nyanda za mvua nyingi watu waliezeka kwa nyasi nene. Bati lilituletea paa lisilovuja na linalodumu, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini tulipolipokea tuliondoa unene wa paa la zamani, na hatukuweka chochote mahali pake. Kazi yetu sasa ni kurudisha unene huo, chini ya bati.

Hoja ya pili: ukuta ni ghala la joto

Tofali la kuchoma si kizuizi kikubwa cha joto. Kazi yake ni nyingine: ni zito, kwa hiyo hulihifadhi joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Nyumba yenye kuta nzito na paa la bati tupu ni sawa na chungu kinene kisicho na mfuniko. Ukishaweka mfuniko, unene wa chungu unaanza kukufaa.

Ghala lazima lijazwe, na anayelijaza ni jua. Mlowo iko takribani nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua letu la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kwenye kimo cha takribani nyuzi 58. Mwezi wa Desemba liko upande wa kusini, karibu utosini. Maana yake ni kwamba dirisha linalotazama kaskazini hupokea jua wakati wa kipupwe, ambapo tunalihitaji, na mwezi wa Desemba, upenu wa kawaida ukiwepo, hukaa kivulini. Upepo wa baridi wa Juni na Julai, kinyume chake, hutoka kusini-mashariki. Basi vyumba vya kulala na sebule vielekee kaskazini na vipewe madirisha makubwa huko. Upande wa kusini-mashariki uwe na madirisha madogo, au stoo, bafu na jiko. Ushauri huu haugharimu hata shilingi moja kwa anayejenga upya. Unachohitaji ni kuigeuza ramani kabla ya kuchimba msingi.

Tofali za kuchoma zina gharama isiyoandikwa kwenye risiti: kuni za tanuri. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukieneza tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Nazo ni nzito, kwa hiyo kazi ya ghala zinaiweza. Tusiendelee kukata msitu ili kujenga ukuta ambao udongo wetu mbichi ungeweza kuutoa.

Hoja ya tatu: moto utoke kwanza

Hapa naomba utulivu, maana hili linahusu uhai.

Kila kipupwe, katika mikoa yetu ya baridi, tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani na hawakuamka. Muuaji ni hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili unakosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyekwisha kulala hazisikii. Linalowadanganya wengi ni lile jiko ambalo mkaa wake umeshika vizuri, mwekundu, bila moshi. Moshi umekwisha, kaboni monoksaidi haijakwisha.

Kwa nini nimeileta habari hii kwenye mhadhara wa kuhifadhi joto? Kwa sababu nyumba yenye nyufa, pamoja na ubaya wake, huitoa nje sehemu ya sumu hiyo. Mtu akisikia ushauri wangu nusu, akaziba nyufa, kisha akaingiza jiko kama alivyozoea, nitakuwa nimemdhuru. Kwa hiyo nasema mbele ya mashahidi wote waliomo humu: asizibe mtu ufa hata mmoja kabla hajaamua kwamba jiko la mkaa halitalala tena ndani. Na habari njema ni kwamba dari ikishafanya kazi yake, jiko hilo halihitajiki.

Serikali imeweka lengo, katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Nyumba nyingi zitahamia kwenye gesi. Nayo ina sheria yake: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni. Jiko la gesi liwe na tundu la hewa chini, karibu na sakafu, linalotoka nje, na jingine juu la kutolea mvuke na hewa iliyotumika.

Hoja ya nne: ufa na tundu ni vitu viwili

Ufa umebaki kwa kuwa kazi haikumalizwa: kati ya fremu na ukuta, chini ya mlango, kwenye vioo vya luva visivyokutana, pale mawimbi ya bati yanapokalia ukuta. Huufungi, huufungui. Usiku wa upepo unaingiza hewa kupita kiasi, usiku uliotulia hauingizi ya kutosha. Tundu la hewa limewekwa kwa makusudi, mahali palipofikiriwa, kwa ukubwa uliopimwa, nalo lina kifuniko na wavu.

Wenzetu wa nchi za baridi kali wamelifikisha jambo hili mbali. Mwaka 1991 huko Darmstadt, Ujerumani, zilikamilika nyumba za kwanza za mtindo uitwao Passivhaus, chini ya mwanafizikia Wolfgang Feist, kutokana na mawazo aliyoyajenga pamoja na Bo Adamson wa Sweden. Nyumba ya namna hiyo hupimwa kwa feni kubwa inayofungwa mlangoni. Katika shinikizo la paskali 50, hewa inayopenya kwa saa moja isizidi asilimia 60 ya ujazo wa nyumba. Kwa kuwa imefungwa hivyo, hewa safi huletwa kwa mashine ambayo hewa ya joto inayotoka huipasha hewa baridi inayoingia, bila hizo mbili kuchanganyika.

Je, nasi tufunge hivyo? Hapana. Darmstadt nje huganda, Mlowo usiku wetu ni baridi ya kuvumilika na mchana jua linarudi. Mashine ile inadai umeme saa zote na vichujio vya kubadilisha, na umeme ukikatika, nyumba iliyozibwa kabisa inabaki bila pumzi. Tuchukue kanuni yao, tuwaachie mashine: hewa iingie pale tulipoamua iingie.

Katika chumba chetu cha mita 12 za mraba chenye kimo cha mita 2.7, kuibadilisha hewa yote mara moja kwa saa, kwa tofauti ya nyuzi 10, hugharimu takribani wati 90. Nyufa zikiibadilisha mara tano, tumepoteza 450. Watu wawili waliolala wanahitaji ibadilishwe mara moja hadi mbili. Hiyo ndiyo gharama halali ya kupumua, nasi tuilipe kwa moyo mkunjufu. Wati zinazozidi hapo ni hasara tupu.

Hoja ya tano: hewa ipewe njia ya kuingia na njia ya kutoka

Watu wanne wakilala usiku mmoja hutoa mvuke unaozidi lita moja ya maji kwa pumzi na ngozi zao. Mvuke huo usipotoka, hugusa kitu baridi na kuwa maji. Ndiyo yale matone yanayodondoka kutoka kwenye bati alfajiri, na ndiyo ukungu mweusi kwenye kona nyuma ya kabati. Hewa isiyobadilishwa hubeba pia vijidudu vya kifua kikuu na homa za mapafu. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ilionekana kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa mara 28 kwa saa, zaidi ya vyumba vya kisasa vya mashine vilivyokusudiwa mara 12. Majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, ndiyo yaliyofanya vizuri zaidi.

Kwa chumba cha kulala cha Mlowo napendekeza hivi. Tundu la kuingizia liwe kwenye ukuta wa nje, na tundu la kutolea juu, karibu na dari, upande wa pili, au juu ya mlango ili hewa ivuke ukumbini. Hewa ya joto hupanda. Ikipewa njia ya juu itavuta hewa mpya bila feni. Matofali ya matundu waliyoweka wajenzi wa zamani juu ya madirisha yalifanya kazi hii, nasi tumeyaacha tulipopata madirisha ya aluminiamu. Tuyarudishe, tukiyaongezea kibao cha kufungia nusu usiku wa baridi kali. Nyumba iliyo kando ya barabara kuu ya TANZAM ivute hewa kutoka upande wa uani, mbali na vumbi na moshi wa malori yaendayo Tunduma. Na anayenunua dirisha la kusukuma ajue kwamba hufunguka nusu tu ya ukubwa wake.

Je, mbu? Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu zinazozuia wadudu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Zilikuwa na ubaridi mzuri kuliko nyumba za kawaida, na mbu waliingia wachache zaidi. Wao walikuwa wanafukuza joto, sisi tunalitunza, lakini tunakutana mahali pamoja: tundu lenye wavu hupitisha hewa na kumzuia mbu. Kwa kuwa wavu hupunguza mwendo wa hewa, tundu lenye wavu liwe kubwa kuliko lisilo nao.

Kisha kuna dari yenyewe. Chini ya dari ndiko tunakozuia hewa ya ndani isipande ovyo, kwa hiyo viungo vyake vizibwe. Juu yake, kati ya pumba na bati, upepo upite kwa matundu yenye wavu upande huu na huu wa paa, ili unyevu ukauke na joto la Oktoba litoke.

Neno moja kwa wakulima walioko hapa. Magunia ya mahindi yaliyotiwa vidonge vya kufukiza yasilale chumba kimoja na watu, hata dirisha likiwa wazi. Hewa inayotoka kwenye vidonge hivyo ni sumu kali. Stoo iwe na mlango wake, mbali na vyumba vya kulala.

Hoja ya sita: mpangilio wa matumizi kwa anayejenga kidogo kidogo

Wengi wetu hujenga kwa msimu wa kahawa: mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, baadaye tunapaua. Kwa hiyo mpangilio una maana kuliko jumla ya gharama. Kabla ya msingi, geuza ramani ielekee kaskazini. Wakati wa boma, acha matundu ya hewa juu ya lenta, maana kutoboa baadaye ni ghali. Wakati wa kupaua, mwambie fundi kenchi zako zitabeba dari yenye tabaka zito. Ukihamia kabla ya kumaliza, dari ya vyumba vya kulala itangulie vigae na rangi ya nje. Mwisho ziba nyufa, ukipima kwa kijiti cha ubani: usiku wa upepo, pitisha moshi wake kwenye kingo za fremu, na pale unapoyumba pana ufa.

Ndugu zangu, hayo ndiyo niliyokuja nayo. Yanayobaki ni ya kutenda, na napendekeza tuanze na watoto. Mabweni mengi ya shule zetu yamepauliwa kwa bati, na watoto wanalala humo kipupwe chote. Tuchague bweni moja, tuliwekee dari na pumba, tulipe matundu sahihi, na bweni la jirani tuliache lilivyo. Wanafunzi wa fizikia waweke vipimajoto katika yote mawili na kuandika vipimo kila alfajiri kuanzia Juni hadi Agosti. Mafundi wa hapa wajitolee mikono, wenye mashine za kukoboa watoe pumba, na walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya waalikwe kukagua kazi na hesabu. Takwimu hizo zikipatikana, tuzipeleke kwa wahandisi wa Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi, tuombe dari yenye kihami joto na matundu ya hewa yaandikwe kwenye ramani ya kila bweni, kila zahanati na kila nyumba ya mwalimu itakayojengwa katika uwanda huu.

Kipupwe kijacho hakiko mbali. Naomba kabla hatujatawanyika jioni hii, fundi mmoja, mwalimu mmoja na mwenye mashine mmoja wasimame hapa mbele waandikishe majina, ili kazi ya bweni la kwanza iwe na wenyewe.